Ngozi au utumbo? Kwa uliyekwama uchague wapi pa kufuatilia seli T na bakteria wa mwilini

Hii ni ya wale waliokwama kati ya viwili. Umeshaamua unataka kusoma, au kufanya projekti kabisa, kuhusu namna seli T (askari wa kinga ya mwili) zinavyoitikia bakteria wanaoishi nasi kila siku bila kutudhuru, supavaiza kakwambia chagua tishu moja uje nayo wiki ijayo, ukiingia kwenye machapisho ni utumbo, utumbo, utumbo mpaka unachoka, alafu unakutana na kundi dogo la watu wa ngozi ambao kila wakitoa kitu ni moto, hapo ndo kichwa kinaanza kuuma. Majibu mengi utakayopewa ni ya ushabiki tu. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na safari hii ngozi yenyewe ipo kweli.

Mimi msimamo wangu ni huu: wengi wanachagua kiungo wakati walitakiwa wachague swali kwanza. Kote kuna bakteria wenyeji, kote kuna seli T, kote utakutana na IL-17 (sitokini, yaani ujumbe wa kemikali ambao seli za kinga zinautoa), lakini maswali ambayo kila tishu inakuruhusu uulize ukapata jibu safi ni tofauti kabisa, na mtu akifuata umaarufu anakuja kugundua kazi ikiwa katikati kwamba swali lake linaishi upande wa pili.

Nitavipima vyote viwili kwa vigezo vilevile: tishu yenyewe ikoje, seli T zipi zinaamka na nani anaziamsha, zinafanya kazi gani mambo yakiwa shwari, mambo yakichafuka inakuwaje, kazi ya benchi ikoje, na kuna umbali gani kutoka kwa panya hadi kwa binadamu. Naamini CD4 (seli T saidizi) na CD8 (seli T za kuua) unazijua. Th17 ni CD4 zinazotoa IL-17, Treg ni zile za kutuliza zenye protini ya FOXP3, Tc17 ni CD8 zinazotoa IL-17, na hizi za mwisho wengi hawajazizoea, ila kwenye ngozi ndo wenyewe.

Tishu yenyewe

Ngozi: ni kavu, ina chumvi, ina asidi kidogo, chakula cha bakteria ni cha kubangaiza, na juu kabisa kuna tabaka la seli zilizokufa zilizojaa keratini. Kwa hiyo bakteria ni wachache ukilinganisha, na wengi wamejibanza kwenye vinyweleo na tezi za mafuta. Humo utamkuta Staphylococcus epidermidis, Cutibacterium acnes, jamaa wa Corynebacterium, na fangasi wa Malassezia. Huo uchache usikudanganye lakini, ngozi ya mtu mzima inakadiriwa kuwa na seli T kama bilioni 20, karibu mara mbili ya zilizo kwenye damu yote. Na sio eneo moja, paji la uso lenye mafuta lina wakazi wake, kwapa lenye unyevu lina wake.

Utumbo: huku kuna joto, unyevu, chakula tele, oksijeni karibu hakuna. Makadirio yaliyotoka 2016 yanasema mwili una bakteria kama trilioni 38, na karibu wote wako kwenye utumbo mpana. Kinachowatenga na damu yako ni safu moja tu ya seli, inayojibadilisha kila baada ya siku 3 mpaka 5 hivi, pamoja na ute. Kwenye utumbo mpana ute una matabaka mawili na lile la ndani kwa kawaida halina bakteria karibu kabisa, kwenye utumbo mdogo ute ni mwepesi ila kuna mabaka ya Peyer yanayochungulia kinachopita na IgA (kingamwili za kwenye ute) nyingi inamwagwa kila siku. Mtu akikwambia anafanya "utumbo" muulize upi, maana mwisho wa utumbo mdogo na utumbo mpana ni dunia mbili mbele ya seli T.

Je, hizi tishu mbili zinasikilizana? Kuna kazi ya 2012 kutoka kundi la Yasmine Belkaid huko Marekani (mama mzaliwa wa Aljeria, sasa anaongoza Taasisi ya Pasteur Paris) ambayo naona kila anayechagua kati ya hizi mbili aijue. Waliwapa panya antibiotiki kwa mdomo, bakteria wa utumbo wakavurugika, seli T za ngozi zikaendelea na shughuli zake kama kawaida. Alafu wakachukua panya waliolelewa bila kijidudu chochote, ambao seli T za ngozi yao zilikuwa zimezubaa kwenye kutoa IL-17, wakawapaka S. epidermidis peke yake, IL-17 ikarudi kwa kupitia ishara ya IL-1, na hao panya wakapambana vizuri zaidi na kimelea Leishmania major. Yaani kila mtaa una serikali yake. Kwa hiyo ile dhana kwamba ukisoma utumbo umesoma kinga yote ya mwili, iache mlangoni.

Seli zipi zinaamka, na nani anaziamsha

Ngozi: 2015 kundi hilohilo lilionyesha kwamba ukimpaka panya mzima S. epidermidis, seli za dendriti (zinazookota vipande vya vijidudu na kuzionyesha seli T) zenye alama ya CD103 zinabeba habari, na CD8 zinazotoa IL-17 zinapanda mpaka kwenye tabaka la juu la ngozi na kukaa pale bila uvimbe wala wekundu wowote. Soma tena hiyo sentensi. CD8 tumefundishwa ni za kuua seli zilizoingiliwa na virusi, hapa zimeitwa na bakteria ambaye hajavamia chochote na hakuna vita. 2018 ikaja sababu: nyingi ya hizo CD8 hazitumii MHC ya kawaida (molekuli inayozionyesha seli T vipande vya protini), zinatambua vipande vifupi vya protini vinavyoanza na methionini yenye fomili, ambayo ndo mwanzo wa protini za bakteria, na vinaonyeshwa na molekuli inaitwa H2-M3. Kwa mtu anayependa swali la "seli hii inamtambuaje bakteria huyu", ni nadra kupata mfumo msafi hivi.

Ngozi haina hao tu. Seli za MAIT, zile zinazonusa mabaki ya utengenezaji wa vitamini B2 ya bakteria, zinahitaji kukutana na bakteria mapema maishani la sivyo hazijazi nafasi yake (2019). Corynebacterium anaamsha seli T za gama-delta (aina yenye kipokezi tofauti na cha kawaida) kupitia asidi ya maikoliki iliyo kwenye ukuta wake (2018). Na Treg zipo, ila hizo zina mambo ya umri, nitazirudia chini.

Utumbo: hapa hadithi maarufu ni ya Ivaylo Ivanov na Dan Littman, New York, 2009. Panya wa aina moja kwa jeni, ila wakitoka kwa muuzaji Taconic wana Th17 tele kwenye utumbo mdogo, wakitoka Jackson karibu hawana. Tofauti ilikuwa bakteria mmoja, uzi mrefu wenye pingili, anaitwa SFB. Ukimwangalia kwa hadubini ya elektroni mwishoni mwa utumbo mdogo unaona ncha yake imezama kwenye seli ya ukuta kama kidole kwenye unga, ukuta umebonyea lakini haujatoboka, na hicho kitendo cha kushikilia ndo chenyewe, maana SFB aliyetoka kwa panya mkubwa wa aina nyingine akiwekwa kwa panya mdogo anaishi humo ila hashikilii, na Th17 hazitokei. 2014 ikathibitika kwamba vipokezi vya nyingi ya hizo Th17 vinatambua antijeni (vipande vinavyotambulika na kinga) za SFB mwenyewe, sio kelele za jumla tu.

Ukishuka utumbo mpana mambo yanageuka, huko wenye sauti ni Treg. Kenya Honda (ndiyo, jina lake ni Kenya, ila ni Mjapani) na wenzake walionyesha 2011 kwamba kundi la Clostridia linajaza Treg kwenye utumbo mpana wa panya, na 2013 wakachuja kutoka kinyesi cha binadamu mpaka wakabaki na bakteria 17 wanaofanya kazi hiyo wakiwa pamoja. Mwaka huohuo 2013 makundi kadhaa yakaonyesha kwamba asidi fupi za mafuta zinazotokana na nyuzinyuzi za chakula, hasa butirati, zinachangia. Kabla ya hapo Sarkis Mazmanian alikuwa ameshaonyesha kwamba Bacteroides fragilis ana sukari moja kwenye koti lake, PSA, inayosukuma seli T zitoe IL-10, sitokini ya kutuliza.

Ila ukiniuliza mimi, kazi tamu kuliko zote upande huu ni ya Helicobacter hepaticus ya 2018. Ndani ya panya mmoja mwenye afya, seli T za SFB zinakuwa Th17 na wakati huohuo seli T za Helicobacter zinakuwa Treg zenye RORγt (protini inayoongoza jeni). Mwili mmoja, maamuzi mawili. Vunja utaratibu kidogo, kwa mfano ondoa c-MAF (protini nyingine inayoongoza jeni) kwenye seli hizo, na zile zilizokuwa za kutuliza zinageuka za uvimbe. 2022 makundi matatu kwa mpigo yakasema anayezifundisha kuwa Treg si seli ya dendriti ya kawaida tuliyokuwa tunamsingizia, ni seli zingine zenye RORγt zenyewe. Watu bado wanabishana hizo seli ziitweje. Ukipenda ugomvi wa kisayansi, uko hapa.

Kazi zake mambo yakiwa shwari

Ngozi: ulinzi na ukarabati. Zile Tc17 zinamkinga panya dhidi ya Candida albicans, fangasi ambaye hana undugu wowote na S. epidermidis, na panya waliopakwa S. epidermidis vidonda vyao viliziba haraka zaidi. Kitu kilichonishika ni kazi ya 2019 iliyofuatia: seli hizi zinazotoa IL-17 zinatembea na maandishi ya mRNA ya sitokini za aina ya pili, yale mambo ya IL-13, yameandikwa yapo tayari lakini hayasomwi. Ngozi ikijeruhiwa, ishara za dharura kama IL-18 zikitoka, ndo yanasomwa na IL-13 inatoka papo hapo. Seli moja ina kazi mbili, ya mlinzi na ya fundi, na inabadilisha kulingana na tukio.

Utumbo: kazi kubwa ni kuvumilia bila kulala. Th17 za SFB zinasaidia panya kumzuia Citrobacter rodentium, bakteria anayewaumiza utumbo, IL-17 na IL-22 zinawaambia seli za ukuta zimwage protini za kuua bakteria na zikaze maungio kati yake, Treg zinahakikisha hakuna anayepaniki kwa sababu ya trilioni za wageni, na seli T saidizi za vifundo zinasaidia seli B kutengeneza IgA. Huku sio bakteria mmoja na seli moja, ni mizani ya wengi kwa mpigo, na ndo maana majibu yake mara nyingi yanakuja na "inategemea".

Mambo yakichafuka

Hapa ntaanza na dawa kwa sababu inaonyesha tofauti kuliko maelezo yoyote. Secukinumab inazuia IL-17A. Kwa soriasisi ya ngozi ni dawa nzuri sana, Marekani waliiruhusu 2015. Dawa hiyohiyo ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo), matokeo yakatoka 2012, haikusaidia na kuna wagonjwa hali ilizidi. Sitokini ileile. Kwenye ngozi ya soriasisi IL-17 ndo inachochea moto, kwenye utumbo sehemu ya hiyo IL-17 ilikuwa imeshikilia ukuta. Kwa hiyo ukisikia mtu anaongelea IL-17 nzuri au mbaya bila kusema wapi, mpe pole.

Ngozi: ukurutu, ambapo Staphylococcus aureus anazidi wenzake wakati ugonjwa umewaka, na soriasisi. Kuna mfano mzuri wa hali kubadilika: Corynebacterium yuleyule anayeamsha seli za gama-delta kwa amani, kwa panya waliolishwa mafuta mengi anakuja na uvimbe. Bakteria hajabadilika, aliyebadilika ni mwenyeji.

Utumbo: orodha ni ndefu zaidi, na hili lazima nilikubali kwa haki. Crohn na kolaitisi ya vidonda, halafu madhara yanayokwenda mbali na utumbo, SFB akiwepo panya fulani wanapata uvimbe wa viungo (2010), na wengine ugonjwa wa mfumo wa neva unaofanana na multiple sclerosis (2011). Kazi ya 2012 ilionyesha kwamba maambukizi ya kimelea Toxoplasma gondii kwenye utumbo yanawasha seli T dhidi ya bakteria wa kawaida wa humo, na hizo seli zinabaki kama kumbukumbu muda mrefu baada ya maambukizi kuisha. Yaani maambukizi yamepita, lakini seli za kinyongo na jirani asiye na hatia zimebaki.

Saratani nayo iko pande zote. Utumbo, 2018 makundi matatu kwenye jarida la Science yalihusisha bakteria wa utumbo na jinsi wagonjwa wanavyoitikia dawa zinazofungua breki za seli T, na 2019 kundi la Honda likatoa bakteria 11 wa binadamu wanaoongeza CD8 zenye gama-interferoni kwa panya. Ngozi, 2023 kundi la Michael Fischbach wa Stanford lilimbadilisha jeni S. epidermidis abebe antijeni ya saratani, wakampaka panya kichwani, na seli T zilizotokea zikaenda kushambulia melanoma iliyokuwa sehemu nyingine ya mwili. Bakteria wa kupaka tu! Hiyo ikikomaa kwa binadamu itakuwa kitu kingine, ila kwa sasa ni panya.

Benchi

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo sehemu ambayo machapisho hayakwambii na ndo inayokula maisha ya mwanafunzi.

Ngozi, upande wa bakteria ni raha. S. epidermidis anaota usiku mmoja kwenye mchuzi wa kawaida wa maabara, nyuzi 37, asubuhi yupo. Unachovya pamba ya kijiti, unampaka panya sikioni na mgongoni, unarudia mara chache kwa siku kadhaa, na kama wiki mbili tangu uanze unachunguza seli T. Shida inaanza hapo kwenye kuchunguza. Sikio la panya linapendwa kwa sababu ni jembamba, unalishika kwa vibano viwili unaligawanya ngozi ya mbele na ya nyuma kama kufungua bahasha, unaliloweka kwenye kimeng'enya kinachokula kolajeni, unasubiri, unalisaga, unachuja, na mwisho wa siku seli ulizopata ni chache kiasi kwamba ukigawa kwa mirija mitano ya rangi unabaki unahesabu kwa huruma. Kimeng'enya kikizidi nguvu kinanyoa na alama za juu ya seli, ukaamini seli haina kitu kumbe umekinyoa wewe. Na DNA ya bakteria wa ngozi ni kidogo mno, uchafu uliomo kwenye vitendanishi unaweza kuzidi sampuli yako, kwa hiyo sampuli tupu za kulinganisha ni lazima. Ukitumia 16S (jeni linalosomwa kuwatambua bakteria), eneo la V1 hadi V3 linafaa zaidi, V4 ambalo watu wa utumbo wanalitumia kwa mazoea linampunja Cutibacterium.

Utumbo, ni kinyume chake. Seli T zipo nyingi, ukifika mwisho salama utakuwa na za kutosha majaribio kadhaa. Njia ya kufika ndo ngumu: unatoa mafuta, unakata mabaka ya Peyer moja moja kwa mkasi mdogo (ukisahau moja tu, data yako ya tabaka la chini ya ukuta imeingiliwa), unapasua kwa urefu, unaosha kinyesi, unatikisa kwenye EDTA (kemikali ya kulegeza mshiko wa seli) mpaka seli za ukuta zidondoke, ndo uingie kwenye kimeng'enya, na muda wote ute unaziba vichujio na seli zinakufa ukichelewa. Bakteria wengi wanataka chumba kisicho na oksijeni, hicho sio kila maabara inacho. SFB mwenyewe kumkuza nje ya mwili kuliwezekana tu 2015, tena akiwa na seli za mwenyeji pembeni, kabla ya hapo watu walikuwa wanamhamisha kwa kinyesi cha panya mwenye SFB peke yake. Alafu panya wanakula vinyesi vya wenzao, kwa hiyo kila kizimba kinakuwa na bakteria wake, na usipopanga ndugu wa uzazi mmoja vizuri unaweza ukajikuta unapima tofauti ya vizimba ukidhani ni tofauti ya jeni.

Vifaa vya kufuatilia seli maalum vipo pande zote. Ngozi ina tetrama (vishikizo vya rangi vya kuzitambua seli hizo) za H2-M3, utumbo una panya wenye vipokezi vya SFB, vya Helicobacter, na vya flajelini (protini ya mkia wa bakteria) iitwayo CBir1. Hapo hakuna wa kulalamika.

Kutoka kwa panya hadi kwa mtu

Ngozi: sampuli ya mtu ni rahisi kufikia, kipande cha milimita 4 kwa kitobozi chini ya ganzi, au ngozi inayobaki baada ya upasuaji wa kupunguza tumbo. Pamba ya kijiti haiumizi mtu. Ila biolojia inakwamisha: ngozi ya panya ni nyembamba na imejaa manyoya, panya ana seli T za gama-delta zenye matawi kwenye tabaka la juu ambazo sisi hatuna kwa namna hiyo, na H2-M3 yenyewe binadamu hana pacha wake wa moja kwa moja. MAIT ni afadhali, hizo kwa binadamu ni nyingi tu na molekuli yake MR1 haijabadilika sana kati ya panya na mtu.

Utumbo: kinyesi ni rahisi kupata kuliko kitu chochote, lakini kinyesi kinakuonyesha waliopita katikati, sio walioshikilia ukutani, na seli T hutozipata humo, lazima kipande kutoka kolonoskopi. Faida yake ni kwamba hatua za kwenda kwa binadamu zimepigwa nyingi. Zile Clostridia 17 zilitoka kwa binadamu, 2016 Bifidobacterium adolescentis wa binadamu alionekana kuleta Th17 kwa panya, na vedolizumab, dawa inayozuia α4β7 ambayo seli T zinaitumia kama anwani ya utumbo, wagonjwa wanaitumia tangu 2014.

Sasa wewe uko hali gani?

Kama swali lako ni seli T moja inatambuaje bakteria mmoja na kwa molekuli ipi, anza na ngozi. Utakuwa na bakteria rahisi, mwitikio usio na uvimbe unaochanganya mambo, na wapinzani wachache wa kukuwahi.

Kama swali ni uvumilivu, Treg, au namna chakula na kemikali za bakteria zinavyoelekeza kinga, nenda utumbo mpana. Ukijaribu kulilazimisha hilo swali kwenye ngozi utatumia muda mwingi kujenga vitu ambavyo huku vipo tayari.

Unavutiwa na vidonda na ukarabati, ngozi, bila kusita, jeraha unalipiga picha na kulipima kwa rula kila siku panya akiwa hai. Ukiwa na akili ya tabibu na unataka magonjwa yenye wagonjwa wengi na dawa zinazoeleweka, utumbo una njia ndefu zaidi iliyochongwa, japo ukurutu na soriasisi nazo sio haba.

Huna chumba kisicho na oksijeni na maabara haina mpango wa kununua? Ngozi. Una hicho chumba lakini mashine ya kuchambua seli inapatikana kwa foleni na muda mfupi, utumbo utakupa seli za kutosha kwa kila zamu, ngozi itakulazimisha uchanganye masikio ya panya kadhaa kwenye mrija mmoja.

Kwa data tupu bila benchi, mtu wa kompyuta, utumbo una hazina kubwa zaidi ya mfuatano wa jeni iliyo wazi, ila ngozi ndo bado ina mashimo ya kujaza, na hapo kijana mwenye subira anaweza akaonekana.

Na kama kinachokuvuta ni utoto, jinsi mwili unavyojifunza nani ni mwenyeji, pande zote zinakufaa ila tarehe zinatofautiana na tarehe ndo kila kitu. Tiffany Scharschmidt na wenzake walionyesha 2015 kwamba wimbi la Treg linaingia ngozi ya panya wiki ya kwanza na ya pili ya maisha, panya akikutana na S. epidermidis siku hizo anamvumilia, akikutana naye ukubwani kwa mara ya kwanza uvumilivu hauji hivyohivyo. Kwenye utumbo dirisha mojawapo kubwa linafunguka panya anapoachishwa kunyonya, kati ya wiki 2 na 4, bakteria wanapoongezeka ghafla kwa sababu ya chakula kigumu (2019). Kwa hiyo kabla hujaandika pendekezo, muulize anayetunza panya wenu kama yuko tayari kurekodi siku ya kuzaliwa ya kila uzao na kukuita siku ya 7 hata kama ni Jumapili. Akikataa, chukua utumbo, siku ya kuachishwa kunyonya angalau mnaweza kuipanga.